Droni ya povu, kombora la mamilioni: NATO katika vita vilivyobadilika

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2025, droni za Urusi zipatazo 20 ziliingia katika anga ya Poland. Usiku huo Ukraine ilikuwa ikishambuliwa kwa mamia ya droni na makombora, na hizi zikavuka mpaka, baadhi zikitokea upande wa Belarus. Waliopaa kuzikabili hawakuwa Wapolandi peke yao. Kulikuwa na ndege za kivita, F-16 za Poland na F-35 za Uholanzi, ndege ya rada ya Italia, na ndege ya kujazia mafuta angani inayomilikiwa kwa pamoja na nchi kadhaa. Chini, mitambo ya Patriot ya Ujerumani, ya kudungulia ndege na makombora, ilikuwa ikifuatilia. Uwanja wa ndege wa Chopin mjini Warsaw ulifungwa kwa muda, na ule wa Rzeszów pia, ambao ndio lango kuu la misaada inayokwenda Ukraine.

Kulipokucha, mabaki yakaanza kuokotwa mashambani. Mengi yalikuwa ya droni inayoitwa Gerbera. Ukiitazama kwa karibu utashangaa kwamba kitu kama hiki kimefunga viwanja vya ndege: mbao nyembamba, povu gumu kama lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni, injini ndogo ya petroli, na vifaa vya umeme vya kawaida. Kazi yake kubwa ni kudanganya. Inarushwa pamoja na droni za mashambulizi ili ionekane kwenye rada kama moja wao, na anayejilinda apoteze kombora lake. Kombora analolipoteza hugharimu mamia ya maelfu ya dola, wakati mwingine milioni na zaidi, na hapo hujahesabu gharama ya kuirusha F-35 yenyewe, ambayo kwa saa moja ni makumi ya maelfu ya dola. Zilizodunguliwa usiku ule zilikuwa chache tu. Katika kijiji cha Wyryki paa la nyumba lilibomoka, na baadaye waziri wa Poland anayeratibu idara za usalama alisema kuna uwezekano mkubwa kwamba kilichoipiga ni kombora la ndege yao wenyewe, lililokuwa limetumwa kudungua droni.

Naanza na usiku huo kwa sababu una kila kitu ndani yake. NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, ulifanya kazi: majirani waliitika, tena kwa dakika. Na papo hapo ukaonekana umeshika rungu la kuulia tembo huku unavamiwa na nyuki. Watu wengi wanapozungumzia miungano ya kijeshi na teknolojia mpya huishia kwenye orodha ya silaha, nani ana nini na ngapi. Mimi naona silaha ndiyo sehemu nyepesi, maana silaha hununuliwa. Ugumu uko kwenye ahadi. Muungano wa kijeshi, ukiuvua bendera na magwaride, ni ahadi ya maandishi kati ya nchi zenye mabunge tofauti, bajeti tofauti na hofu tofauti. Teknolojia mpya inapokuja, huyagonga maneno ya ahadi hiyo neno kwa neno.

Maneno ya mwaka 1949

Mkataba wa NATO ulitiwa saini Washington tarehe 4 Aprili 1949 na nchi 12. Leo wanachama ni 32. Wa mwisho kuingia ni Finland mwaka 2023 na Sweden mwaka 2024, zote mbili zikisukumwa na uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Moyo wa mkataba ni Ibara ya 5, na hapa pana kosa ambalo hata wachambuzi wa redioni hulirudia: kwamba ukimgusa mmoja, wote wanaingia vitani siku hiyohiyo. Ibara haisemi hivyo. Inasema shambulio la silaha dhidi ya mmoja litahesabiwa kuwa dhidi ya wote, kisha kila mwanachama atasaidia kwa kuchukua hatua anayoona ni ya lazima, ikiwemo kutumia nguvu za kijeshi. Anayeona ni nchi yenyewe. Inaweza kutuma kikosi, hospitali ya uwanjani, au mafuta. Marekani ndiyo iliyosisitiza nafasi hiyo ya kuamua, kwa kuwa kwa katiba yake mamlaka ya kutangaza vita yako kwa Bunge.

Ibara hiyo imetumika mara moja tu katika historia. Ilikuwa Septemba 2001, baada ya mashambulizi ya New York na Washington, na ikawa kinyume kabisa cha walivyowazia waandishi wake. Walidhani Marekani ndiyo itakayokwenda kuiokoa Ulaya. Badala yake ndege za rada za NATO zilitoka Ulaya kwenda kulinda anga ya Marekani.

Kuna pia Ibara ya 4, inayozungumzwa kidogo ingawa hutumika zaidi. Hiyo inampa mwanachama anayehisi usalama wake uko hatarini haki ya kuwaita wenzake mezani. Poland iliitumia baada ya usiku ule wa droni. Siku chache baadaye Estonia nayo ikaitumia, baada ya ndege tatu za kivita za Urusi aina ya MiG-31 kukaa ndani ya anga yake kwa dakika 12.

Mwaka 1949 maneno "shambulio la silaha" hayakuhitaji kamusi. Kila aliyekuwa mezani aliona picha moja: vifaru vya Kisovieti vinavuka mpaka na kuingia magharibi mwa Ujerumani. Unaviona, unavihesabu, unajua vimetoka wapi na nani kavituma. Sasa chukua maneno hayohayo uende nayo Tallinn, mji mkuu wa Estonia.

Aprili 2007 serikali ya Estonia iliihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya mji kuipeleka kwenye makaburi ya kijeshi. Vurugu zikazuka mitaani. Kisha tovuti zikaanza kuanguka, za serikali, za magazeti, za benki. Estonia ni nchi ndogo iliyowahi mapema kuhamishia maisha yake kwenye intaneti; hata kura za ubunge za mwaka huo ziliweza kupigwa mtandaoni. Kwa wiki tatu hivi ilikuwa inamiminiwa maombi ya uongo kutoka kwenye kompyuta za nchi nyingi duniani, kompyuta za watu ambao wengi wao hawakujua kwamba mashine zao zimetekwa. Hakuna aliyekufa kwa mashambulizi hayo ya mtandao, hakuna jengo lililoanguka, na hakuna aliyeweza kusimama na kusema kwa ushahidi ulionyooka: aliyeamuru ni fulani.

Estonia ilikuwa mwanachama wa NATO tangu mwaka 2004. Je, hilo lilikuwa shambulio la silaha?

Mwaka 2008 NATO ilianzisha kituo cha utaalamu wa ulinzi wa mtandao palepale Tallinn. Lakini sentensi yenyewe, kwamba shambulio la mtandao linaweza kusababisha Ibara ya 5 kutumika, ilikubaliwa kwenye mkutano wa Wales mwaka 2014. Miaka saba kwa sentensi moja. Mwaka 2016 mjini Warsaw mtandao ukatangazwa kuwa uwanja wa vita kama nchi kavu, bahari na anga. Mwaka 2019 ikaongezwa anga za juu, na mwaka 2021 ikaandikwa kwamba hata shambulio dhidi ya satelaiti linaweza kuifikisha Ibara ya 5 mezani.

Neno la kulishika hapo ni "linaweza". Muungano umekataa kwa makusudi kusema ni kiasi gani cha madhara kinatosha. Nadhani wako sahihi, kwa sababu ukichora mstari mbele ya adui mwerevu unamfundisha pa kusimama: atakuja mpaka sentimita moja kabla yake, kila siku. Lakini utata huo una bei, na wanaoilipa ni wananchi wa mpakani, kwa kuwa adui amehamia kuishi ndani yake.

Alfajiri ya tarehe 24 Februari 2022, saa ambazo majeshi ya Urusi yalikuwa yanavuka kuingia Ukraine, modemu za mtandao wa satelaiti wa KA-SAT zilifutwa programu zake kwa mbali zikawa vipande vya plastiki. Lengo lilikuwa mawasiliano ya Ukraine. Cheche zikaruka hadi Ujerumani, ambako mitambo ya upepo ipatayo 5,800 ilipoteza mawasiliano na wasimamizi wake. Iliendelea kuzunguka na kuzalisha umeme, ila mafundi hawakuweza kuifikia kwa mbali. Miezi michache baadaye Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani ziliitaja Urusi kuwa ndiyo iliyofanya. Ujerumani ni mwanachama wa NATO. Ibara ya 5 haikuguswa.

Nanga inayoburutwa

Mfano unaonisumbua zaidi uko chini ya bahari. Tarehe 25 Desemba 2024, Krismasi mchana, kebo ya umeme ya Estlink 2 inayounganisha Finland na Estonia ilikatika, pamoja na kebo kadhaa za mawasiliano. Askari na polisi wa Finland walishuka kwa helikopta kwenye meli ya mafuta iitwayo Eagle S, iliyokuwa imetoka Urusi. Wachunguzi walisema nanga yake ilikuwa imeburutwa sakafuni mwa bahari kwa makumi ya kilomita. Si meli ya vita. Haina mzinga hata mmoja. Ina mabaharia wa kukodiwa na bendera ya nchi ya mbali.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikazorota karibu Afrika Mashariki yote: malipo yalikwama, ofisi zilisimama. Hakuna aliyesema pale kuna adui. Sasa wazia hitilafu kama hiyo inatokea mara kwa mara kwenye bahari moja nyembamba, kila mara kuna meli yenye nanga iliyolegea, na kila mara nahodha anasema ilikuwa bahati mbaya.

Januari 2025 NATO ilianzisha operesheni ya kulinda Bahari ya Baltiki, yenye manowari, ndege za doria na droni za baharini. Hilo ni jibu la kijeshi, na ni zuri. Jibu la kisheria lilikuwa dhaifu. Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki iliamua kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza kesi dhidi ya maofisa wa Eagle S, kwa kuwa tukio lilitokea nje ya bahari ya Finland na sheria ya bahari inawapa mamlaka hayo wengine. Muungano wenye bajeti kubwa kuliko mwingine wowote duniani ulikuwa na meli mkononi, nanga mkononi, kebo iliyokatika mkononi, na nahodha akaenda zake.

Kilo 45 za chuma

Sasa tuache mtandao na bahari, turudi kwenye kitu unachoweza kukishika: kombora la mzinga la milimita 155. Ndilo risasi kuu ya mizinga ya NATO, na kwangu mimi linaeleza zaidi kuhusu muungano kuliko hotuba yoyote ya Brussels, yaliko makao makuu ya NATO.

Kimsingi ni vitu vinne. Kuna kombora lenyewe, chuma chenye baruti ndani, kilo 45 hivi, mzigo wa mtu mzima mwenye nguvu. Kuna fyuzi inayokazwa kwenye ncha kwa kuzungushwa, ambayo ndiyo inayoamua lilipuke lini. Kuna baruti ya kusukumia, inayoingizwa nyuma yake kwa vipande, na idadi ya vipande ndiyo inayoamua lifike mbali kiasi gani. Na kuna kiwashio kidogo cha mwisho. Askari wa mzinga huvipanga hivi vinne mfululizo, mvua ikinyesha, droni ikizunguka juu, mikono ikitetemeka.

NATO imekuwa ikiandika viwango vya pamoja tangu miaka ya 1950 ili risasi ya nchi moja iingie kwenye silaha ya nchi nyingine. Kwa bunduki ilifanikiwa kiasi cha kutosha. Kwa mizinga kila nchi ilisaini karatasi kisha ikarudi nyumbani kuendelea na mambo yake: viwanda vya ndani vina wafanyakazi, wafanyakazi wana kura. Ukraine ilipopewa mizinga ya CAESAR ya Ufaransa, Panzerhaubitze za Ujerumani na Uholanzi, M777 za Marekani, Krab za Poland na Archer za Sweden, ikawa maabara ya kwanza ya kweli ya viwango hivyo. Yote ni ya milimita 155. Lakini kompyuta ya mzinga inahitaji kujua tabia ya kila kombora na kila aina ya baruti, la sivyo kombora linaangukia pengine. Askari wa Ukraine walilazimika kujifunza usiku na mchana ni kipi kinakubaliana na kipi.

Kisha kuna wingi. Kabla ya vita Marekani ilikuwa inatengeneza makombora 14,000 hivi ya aina hii kwa mwezi. Mapigano yalipopamba moto Ukraine ilikuwa inafyatua maelfu kwa siku, kwa hiyo uzalishaji wa mwezi mzima wa taifa tajiri kuliko yote ungeisha kwa siku chache. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi makombora milioni moja ndani ya miezi 12. Muda ulipofika, takriban nusu ndiyo iliyokuwa imepelekwa. Nchi zilikuwa na fedha. Zilichokosa ni mashine za kufua chuma, kemikali za baruti, na mikataba ya muda mrefu ya kumshawishi mwenye kiwanda aongeze zamu.

Droni zimekuja na swali hilohilo, ila kwa kasi isiyovumilika. Droni ndogo, inayoongozwa na rubani anayeona picha zake kwa miwani, inauzwa dola mia chache. Mwanzoni iliongozwa kwa mawimbi ya redio. Upande wa pili ukaleta mitambo ya kuvuruga mawimbi, wenye droni wakabadilisha masafa, wavurugaji wakafuata. Ndipo ikaja droni inayoburuta nyuma yake uzi wa kioo, mwembamba kama mshipi wa kuvulia samaki, uliozungushwa kwenye kibweta chenye kilomita 10 na zaidi. Picha na maagizo hupita ndani ya uzi, na hakuna mawimbi ya kuvuruga. Leo kuna mashamba mashariki mwa Ukraine ambako asubuhi jua likichomoza unaona nyuzi hizo zinametameta juu ya majani na kwenye matawi ya miti kama utando wa buibui, maelfu ya nyuzi, kila moja mabaki ya droni iliyopita.

Mzunguko huo wa kubuni, kuvurugwa na kubuni tena hupimwa kwa wiki. Kiwango cha pamoja cha NATO huchukua miaka kujadiliwa. Ukiandika leo kiwango cha droni, siku ya kukitia saini kitu chenyewe kiko kwenye jalala.

Ndiyo maana wahandisi wa muungano wamegeukia njia nyingine, ambayo naiona ya busara. Wanaacha kulazimisha kifaa kimoja, wanakazania namna vifaa vinavyounganishwa. Ni kama soketi ya ukutani: huna haja ya kukubaliana na jirani anunue pasi ya aina gani, mradi plagi yake inaingia. Kwenye vita plagi ni data. Rada ya Lithuania, droni ya Ufaransa na mzinga wa Poland zinaweza kutoka viwanda vitatu visivyojuana, mradi zikiona shabaha zinaielezana kwa lugha moja.

Nani anaruhusiwa kuona

Lakini data si chuma. Ukimpa mwenzako kombora, unajua umempa nini. Ukimfungulia data zako, unamfungulia macho yako, pamoja na mapungufu yake. Hapo swali linakuwa la kuaminiana, na nchi 32 haziaminiani kwa kipimo kimoja.

Uturuki inaujua ukweli huu. Ilikuwa mshirika katika mradi wa F-35, viwanda vyake vikitengeneza vipuri. Mwaka 2019 ikapokea mitambo ya kujikinga angani ya S-400 kutoka Urusi, na Marekani ikaiondoa kwenye mradi. Hoja ilikuwa rahisi kuielewa: rada ya Kirusi ikikaa jirani na F-35 kila siku itajifunza namna ndege hiyo inavyoonekana. Uturuki ilibaki NATO, na jeshi lake ni miongoni mwa makubwa kabisa ndani ya muungano. Ndege haikuipata.

Halafu kuna mshirika ambaye hayumo kwenye mkataba kabisa: kampuni. Mawasiliano ya jeshi la Ukraine yameegemea sana satelaiti za Starlink, na mmiliki wake, Elon Musk, alieleza mwenyewe kwamba hakukubali ombi la dharura la kuwasha huduma hadi Sevastopol huko Crimea, kwa sababu hakutaka kampuni yake ihusike na kitendo kikubwa cha vita. Mtu anaweza kuona alikuwa sahihi au alikosea. Jambo zito ni kwamba uamuzi wa uwanja wa vita ulikuwa wa mtu asiye na kiti kwenye baraza lolote, asiyechaguliwa na yeyote.

Machi 2025 Marekani ilisimamisha kwa siku kadhaa kuipa Ukraine taarifa zake za kijasusi. Ukraine si mwanachama, lakini miji mikuu ya Ulaya iliyokuwa inatazama ilipata baridi mgongoni. Satelaiti nyingi, ndege nyingi za rada, sehemu kubwa ya programu za F-35: vyote hivyo ni vya Marekani. Tangu hapo mjadala wa Ulaya kujitegemea umetoka kwenye semina ukaingia kwenye bajeti. Juni 2025 mjini The Hague wanachama walikubaliana kufikia asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2035: asilimia 3.5 kwa ulinzi wenyewe, na 1.5 kwa mambo yanayouzunguka, kama madaraja yanayobeba vifaru na usalama wa mtandao. Hispania ilipinga waziwazi.

Dakika 50 za Romania

Maamuzi ya NATO hupitishwa kwa kauli moja. Hakuna kura ya wengi. Utaratibu huo ni wa heshima, unamlinda mdogo dhidi ya mkubwa, na unafaa sana kwa vita vinavyojiandaa kwa majuma. Kwa kitu kilicho angani sasa hivi haufai. Kwa hiyo mambo ya anga yamekabidhiwa mapema: kanuni zinakubaliwa wakati wa amani, kamanda mkuu wa muungano barani Ulaya, ambaye daima huwa ofisa wa juu wa jeshi la Marekani, anapewa mamlaka yake, na ndege za zamu zinapaa bila kusubiri mabalozi waamshwe.

Hata hivyo mwisho wa mnyororo huo kuna mtu mmoja na sheria za nchi moja. Tarehe 13 Septemba 2025, siku tatu baada ya kisa cha Poland, F-16 za Romania ziliifuatilia droni ya Urusi iliyokuwa imeingia nchini mwao kwa dakika 50 hivi. Sheria mpya ya Romania ilikuwa inaruhusu kuidungua. Marubani walipima wapi mabaki yangeangukia, wakaamua wasifyatue. Droni ikarudi Ukraine. Nimesoma watu wakiwabeza marubani wale, na sikubaliani nao. Chini kulikuwa na watu, na nchi haikuwa vitani.

Ndani ya dakika kama hizo ndimo akili mnemba inapoingia. Mwaka 2025 NATO ilinunua mfumo wa Maven kutoka kampuni ya Palantir kwa ajili ya makao yake makuu ya kijeshi yaliyopo Mons, Ubelgiji. Unakusanya picha za satelaiti, taarifa za rada na ripoti za askari, kisha unampendekezea kamanda nini cha kuangalia kwanza. Ununuzi wenyewe ulikamilika ndani ya miezi sita, kasi ambayo haijazoeleka kabisa katika taasisi ile. Tangu mwaka 2021 NATO ina kanuni sita za akili mnemba, mojawapo ikiwa kwamba binadamu abaki kuwajibika. Maneno ni mazuri. Lakini mashine ikileta mapendekezo mia kwa saa, na ofisa amechoka, kuwajibika kunageuka kuwa kubonyeza "ndiyo". Hili halijapata jibu popote, na sipendi jinsi linavyopitwa haraka kwenye taarifa za mikutano.

Ahadi iliyosainiwa Dar es Salaam

Tusidhani haya ni ya Wazungu. Tarehe 26 Agosti 2003, jijini Dar es Salaam, viongozi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walitia saini mkataba wa kulindana unaosema shambulio la silaha dhidi ya mwanachama ni tishio kwa amani ya kanda nzima, na litajibiwa kwa hatua ya pamoja. Kwa roho ni ndugu wa Ibara ya 5. Desemba 2023 SADC ilipeleka kikosi mashariki mwa Congo, askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania, kuisaidia Kinshasa dhidi ya M23, kundi la waasi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema linaungwa mkono na Rwanda, jambo ambalo Rwanda inalikana.

Goma, mji wa mashariki mwa Congo, ndiko Umoja wa Mataifa ulikorusha droni zake za kwanza duniani, Desemba 2013, droni za upelelezi zisizo na silaha. Zaidi ya miaka 10 baadaye, Januari 2025, M23 iliingia mjini humo. Askari wa nchi zote tatu waliuawa. Waliobaki walizingirwa kambini, uwanja wa ndege ukiwa mikononi mwa wapinzani wao, bila njia ya kuletewa vifaa wala ndege ya kuwafunika. Machi 2025 viongozi wa SADC waliufunga ujumbe huo. Askari walipoanza kuondoka mwishoni mwa Aprili, walipita kwa barabara ndani ya Rwanda hadi Tanzania.

Askari wale hawakukosa ujasiri, na mkataba haukukosa maneno. Uliokosekana ni ule mnyororo unaochosha kuusimulia: ndege ya mizigo inayoweza kutua, rada inayoona, taarifa inayomfikia kamanda kabla ya adui, na fedha za miezi ijayo zilizokwisha kutengwa. Poland ilipopiga kelele usiku ule, mnyororo huo ulikuwa umefungwa tayari, pete kwa pete, kwa miaka 76. Familia za Morogoro na Bloemfontein zina haki ya kuuliza wetu umefungwa wapi.

Mwalimu aliye nje ya mlango

Februari 2025 kituo kipya kilifunguliwa Bydgoszcz, Poland, ambako maofisa wa NATO na wa Ukraine hukaa chumba kimoja kuchambua mafunzo ya vita hivi. Ndani ya kituo hicho nchi isiyo mwanachama, inayoomba kuingia kwa miaka na kuambiwa subiri, ndiyo inayofundisha.

Somo moja wanalolitoa limenivutia kuliko yote. Droni za Shahed, ambazo Urusi huzitumia kushambulia, zina injini inayonguruma kama pikipiki. Waukraine huziita mopedi. Rada hupata shida kuziona zikiruka chini chini. Basi wahandisi wa Ukraine walichukua vipaza sauti, wakavifunga kwenye nguzo kote nchini, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kwa dola 400 au 500. Nguzo moja ikisikia mngurumo, inapeleka taarifa. Ya pili ikisikia, mwelekeo unajulikana. Ya tatu, kasi inajulikana. Kikosi chenye bunduki ya mashine kwenye pikapu kinapata ujumbe kwenye tableti: itapita hapa, baada ya dakika hizi. Wanasogea barabarani, wanazima injini, wanangoja gizani wakisikiliza.

Mtandao mzima wa nguzo hizo uligharimu chini ya makombora machache ya Patriot, ambayo moja tu ni dola milioni 4 hivi. Makamanda wa NATO wamekwenda kuutazama. Kwa kuwa droni haijui mpaka, nguzo zitakazosikia inayokwenda Lublin, mashariki mwa Poland, inabidi zianze kusikia ikiwa bado juu ya Ukraine, na taarifa zivuke kutoka kwa asiye mwanachama kwenda kwa mwanachama bila kusubiri mkataba.